Uzi na Risha: Asili ya Nyuzi za Gitaa la Besi katika Muziki wa Roki

Desturi ikikaa sana hujivika joho la sheria, na mtu aikutaye imekwisha kukaa hudhani kuwa ilizaliwa pamoja na jambo lenyewe. Nimeliona hili mara nyingi katika lugha, ambayo ndiyo kazi yangu. Lakini mwaka juzi nililiona katika jambo nisilolitazamia, nalo ni nyuzi za gitaa. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana apigaye gitaa la besi katika bendi ya roki ya watu watano, alinijia ofisini kwa unyonge. Baada ya kuniamkia na mimi kumwitikia, alisema, "Mwalimu, naona nitaacha muziki." Alikuwa ametumia akiba ya miezi mitatu kununua nyuzi za chuma cha pua, kwa sababu dukani aliambiwa kwamba apigaye roki kwa risha hana nyuzi nyingine zimfaazo. Alizifunga, akapiga, na gitaa likatoa kelele mfano wa vijiko vinavyomwagika sakafuni. Wenzake walimwambia kwamba kosa halikuwa katika nyuzi, bali katika mkono wake. Alinijia mimi kwa kuwa alijua kwamba ujana wangu niliugawa sehemu mbili, moja vitabuni na moja jukwaani.

Sikuwa na jibu fupi la kumpa. Sheria aliyopewa dukani haikuwa uongo, lakini ilikuwa nusu ya kweli, na nusu ya kweli hupoteza watu wengi kuliko uongo mtupu, maana huaminika upesi. Ilinipasa kumweleza sheria hiyo ilitoka wapi, ilizaliwa lini, na ilizaliwa kwa haja ya nani. Insha hii ni maelezo yale niliyompa, niliyoyaandika baadaye kwa utaratibu.

Kwanza tupatane juu ya majina. Risha ni neno la Kiarabu lenye maana ya unyoya, na wapigaji wa udi walikiita hivyo kidude cha kudonolea nyuzi kwa sababu zamani kilikuwa unyoya hasa, wa ndege mkubwa. Siku hizi risha ya gitaa ni kipande cha plastiki chenye pembe tatu, lakini kazi yake ni ile ile. Ama nyuzi za besi, kwa kawaida huwa na kiini cha waya wa chuma, na juu ya kiini huzungushwa waya mwingine. Waya huo wa juu ukiwa mviringo, uzi huwa na mikwaruzo midogo midogo ukipitisha kidole. Huu nitauita uzi wa mviringo. Ukiwa bapa kama utepe, uzi huwa laini mithili ya fimbo iliyopigwa msasa. Huu nitauita uzi wa utepe. Mkwaruzo na ulaini: katika tofauti hiyo ndogo ndimo ilimo habari yetu yote.

Kwa nini uzi uzungushiwe waya hata kidogo? Jibu lilikuwa tayari katika kitabu alichokitoa mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, mwaka 1636. Mersenne alionyesha kuwa uzi hutoa sauti nene zaidi kadiri unavyokuwa mrefu, kadiri unavyolegezwa, na kadiri unavyokuwa mzito. Uzi mnene kabisa wa besi hutetemeka kama mara 41 katika sekunde moja. Kuuzidisha urefu kuna mpaka, kwa kuwa mkono wa mwanadamu haurefuki. Kuulegeza kuna mpaka, kwa kuwa uzi uliolegea hauimbi. Imebaki kuuzidisha uzito. Lakini waya mmoja mnene huwa mgumu kama nondo, na uzi mgumu hutoa sauti iliyopotoka. Mafundi wa Ulaya wa katikati ya karne ya 17 walilitatua fumbo hili: walichukua kiini chembamba cha utumbo wa mnyama wakakizungushia waya wa madini. Uzi ukapata uzito bila ya kupoteza wepesi wa kupindika. Kwa hiyo waya wa juu hapo mwanzo ulikuwa mzigo tu uliobebeshwa uzi. Hapana aliyedhani kuwa siku moja sura yake ingegombaniwa.

Gitaa la besi la umeme ni chombo kichanga. Katika miaka ya 1930 Paul Tutmarc wa mji wa Seattle, Marekani, alitengeneza besi ya umeme ya kushikwa kwa ulalo kama gitaa, lakini haikuenea. Iliyoenea ni ile ya Leo Fender wa Fullerton, California, iliyotoka mwaka 1951 kwa jina la Precision. Urefu wa nyuzi zake kati ya ncha mbili za kutetemekea ulikuwa inchi 34, na vijiti vya chuma vilivyopandwa shingoni vilimwonyesha mpigaji mahali pa kila sauti. Fender hakukusudia kuleta sauti mpya duniani. Alikusudia kumpunguzia mpigaji mzigo wa ile besi kubwa ya mbao, ipigwayo kwa kusimama, ambayo kuisafirisha ni kazi na kusikika kwake mbele ya ngoma ni kazi nyingine. Ndiyo maana chombo chake kilifuata tabia ya mzee wake: kilifungwa nyuzi za utepe, na chini ya kifuniko cha chuma, karibu na mahali nyuzi zinapofungiwa, kiliwekwa kipande laini cha kuzizima mwangwi. Sauti ilikuwa fupi, nene na ya unyenyekevu. Besi ilikuwa msingi wa nyumba, na hapana mgeni aingiaye nyumbani akausifu msingi.

Hapa ndipo risha inapoingia, nayo iliingizwa na wapigaji wa gitaa la kawaida waliohamia besi wakiwa na zana yao mkononi. Huko Hamburg, Ujerumani, mpigaji Ladi Geisler alijulikana katika okestra ya Bert Kaempfert kwa besi iliyodonolewa kwa risha na kuzimwa papo hapo kwa kiganja, hata kila sauti ikasikika kama tone la maji linaloanguka katika mtungi. Huko Nashville, Marekani, wapigaji walichukua besi ya nyuzi sita ya Danelectro, iliyotoka mwaka 1956, wakaipiga kwa risha sambamba na besi kubwa ya mbao: ya mbao ilitoa unene, na ya umeme ilitoa ncha. Haja ilikuwa moja. Redio ndogo na gramafoni za siku zile zilikuwa na spika zisizoweza kutoa sauti nene vizuri. Msikilizaji asingeusikia mwili wa besi, basi walau asikie kisigino chake kikigusa sakafu.

Mwaka 1963, katika studio moja ya Hollywood, mpigaji wa besi hakutokea kazini, na mpigaji gitaa aitwaye Carol Kaye akaombwa kushika nafasi yake. Kuanzia siku hiyo alipiga besi katika rekodi nyingi mno, zikiwamo za Beach Boys za mwaka 1966. Kaye alipiga kwa risha ngumu juu ya nyuzi za utepe, na juu ya nyuzi aliweka kipande cha kitambaa kizito ili kuuzuia mwangwi usitambae. Mwenzake wa studio hizo hizo, Joe Osborn, naye alipiga kwa risha juu ya nyuzi za utepe, na nyuzi zake zilikaa miaka mingi bila kubadilishwa. Upande wa pili wa bahari, Paul McCartney wa Beatles, aliyeanza kushika besi mwaka 1961, alizoea risha na nyuzi za utepe. Basi msomaji aone: katika miaka ile ambayo roki ilikuwa ikijifunza kutembea, besi ya risha na uzi wa utepe walikuwa kama chanda na pete. Aliyesema dukani kuwa hayo hayapatani hakuwa na habari za wazee wa chombo anachokiuza.

Mapatano hayo yana sababu yake. Kidole ni kinene na laini. Kikiuachia uzi, huuachia polepole na kwa mahali papana, na sauti nyembamba zilizofichwa ndani ya sauti nene haziamki zote. Risha ni ngumu na ina ncha. Huuachia uzi ghafula na kwa mahali padogo, na sauti zile nyembamba huamka kwa pamoja. Uzi wa utepe, kwa asili yake, huzizima upesi sauti nyembamba. Kwa hiyo risha hutoa ukali na utepe huupunguza. Kimoja husema na kingine hutafsiri. Kinachobaki ni mwanzo ulio wazi na mwili ulio mzito. Uzi wa mviringo haufanyi hivyo. Huo huziacha sauti nyembamba ziishi muda mrefu, na ukipigwa kwa risha huwa ukali juu ya ukali.

Nani basi alitaka ukali juu ya ukali, na kwa nini? Tuitazame London ya miaka ya 1965 na 1966. Bendi ya The Who ilikuwa na mwimbaji mmoja na vyombo vitatu tu. Pete Townshend alipiga gitaa kwa mapigo mapana, Keith Moon alipiga ngoma kama mtu avunjaye mlango, na kati yao alisimama John Entwistle na besi yake. Hapakuwa na gitaa la pili wala piano. Nafasi iliyobaki wazi ilikuwa kubwa, na mwenye kuijaza alikuwa mpigaji wa besi peke yake. Wimbo wao "My Generation" wa mwaka 1965 uliipa besi nafasi ya kusema peke yake, jambo lililokuwa geni katika nyimbo za vijana. Entwistle amesimulia kwamba kwa wimbo huo alitaka mlio wa nyuzi nyembamba za Danelectro, lakini nyuzi hizo zilikatika na za badala hazikupatikana madukani, hata akawa ananunua gitaa jingine zima kwa ajili ya nyuzi zake. Hatimaye alishika Fender akarekodi kwa nyuzi nyingine.

Mtu aliyefika kununua gitaa zima kwa ajili ya uzi hakosi kwenda kwa mfua nyuzi mwenyewe. Mwaka 1966 Entwistle alishirikiana na James How, mwenye kiwanda cha nyuzi cha Rotosound huko Uingereza. Shida yake ilikuwa kwamba nyuzi mbili nene hazikutetemeka kwa uhai ule ule wa nyuzi mbili nyembamba. Kiini na waya wa juu vilijaribiwa kwa vipimo mbalimbali, na matokeo yake yakawa uzi wa mviringo wa chuma cha pua, ulioitwa Swing Bass 66 kwa kuukumbuka mwaka huo. Mlio wake ulifanana na upande wa kushoto wa piano: mnene na wenye kung'aa kwa wakati mmoja.

Mwaka huo huo wa 1966, katika studio ya EMI ya Abbey Road, Beatles walirekodi "Paperback Writer". Wao pia walitaka besi isikike zaidi. Lakini dawa yao ilikuwa nyingine: mafundi wa studio walichukua spika kubwa wakaigeuza kuwa kipaza sauti, wakaiweka mbele ya spika ya besi ili ipokee mtikisiko wake. Nawaomba wanafunzi waushike mfano huu, maana ndio kitovu cha hoja yangu. Haja ilikuwa moja, mji ulikuwa mmoja na mwaka ulikuwa mmoja, lakini mmoja aliubadili uzi na mwingine aliibadili njia ya kuupokea. Kila mmoja alitibu ugonjwa wa nyumba yake. Entwistle alikuwa na pengo la kujaza jukwaani. Beatles walikuwa na magitaa mawili na sauti za waimbaji watatu, na walichohitaji ni uzito katika sahani ya santuri, si chombo kingine cha kung'aa.

Baada ya hapo uzi wa mviringo ulipata wafuasi wengi, na wengine waliupiga kwa risha. Chris Squire wa bendi ya Yes, katika rekodi za miaka ya 1970, alipiga besi ya Rickenbacker kwa risha na nyuzi za Rotosound, na besi yake ikaimba mbele kama gitaa la pili. Lemmy wa Motörhead, bendi iliyoanzishwa mwaka 1975, alipiga kwa risha sauti mbili tatu kwa pamoja katika bendi ya vyombo vitatu. Huyu naye alikuwa na pengo la kujaza. Kutoka kwa hao kanuni ikaenea kwamba roki na risha hudai uzi wa mviringo wa chuma. Ajabu ni kwamba Entwistle mwenyewe, ambaye uzi ule ulitengenezwa kwa haja yake, ijapokuwa risha aliijua, sifa yake kubwa ni ya vidole. Na Steve Harris wa Iron Maiden amejenga roki nzito kabisa juu ya nyuzi za utepe, tena kwa vidole. Kanuni ikiwa na watu wakubwa namna hii nje ya uzio wake, si kanuni. Ni mazoea ya ujirani.

Yako pia mambo ya mfuko, nayo hayana budi kutajwa, maana mwanafunzi hali mlio. Uzi wa mviringo hung'aa ukiwa mpya, lakini jasho na taka za vidole hujaza mifereji iliyo kati ya mizunguko ya waya, na kwa mpigaji wa kila siku mng'ao huo hufifia katika majuma machache. Wapo wauchemshao uzi katika maji ili taka zitoke, na mlio hurudi kwa muda, kisha hufa tena. Chuma cha pua kigumu hukwaruza vijiti vya shingoni na kuvila polepole. Waya wa nikeli, au wa chuma kilichopakwa nikeli, ni mpole zaidi kwa vijiti na kwa masikio. Uzi wa utepe hauna mifereji ya kujaa taka. James Jamerson wa Detroit, aliyepiga kwa kidole kimoja rekodi nyingi za Motown za miaka ya 1960, hakubadili nyuzi zake za utepe isipokuwa zilipokatika. Uzi wa utepe aghalabu huuzwa kwa bei kubwa zaidi, lakini hununuliwa mara moja pale ambapo mwingine hununuliwa mara nyingi.

Ama unene, huo apigaye kwa risha asiudharau. Risha huusukuma uzi kwa nguvu na ghafula. Uzi ukiwa mwembamba na umelegea, hupepesuka ukagonga vijiti vya shingoni, na mgongano huo ndio nusu ya zile kelele za vijiko. Seti ya kawaida huanza na uzi wa inchi 0.045 na kuishia na wa inchi 0.105. Kwa sheria ya Mersenne, uzi mnene wa 0.105 ukilinganishwa na wa 0.100, kama vimetengenezwa kwa namna moja na kukazwa kwa sauti moja, huwa na mkazo uliozidi kwa karibu sehemu moja katika kumi. Na bendi inayoshusha uzi mnene kwa hatua moja nzima, kama zifanyavyo bendi nyingi za roki nzito, huupunguzia uzi huo karibu sehemu moja katika tano ya mkazo wake. Hapo uzi mnene zaidi si anasa, ni lazima. Tena mpigaji akumbuke kuwa mkono una mahali pake: risha ikidonoa karibu na mwisho wa nyuzi, sauti hukauka na kuwa kali, ikisogea kuelekea shingoni, sauti hujaa na kuwa ya duara. Badiliko hilo halina gharama, na lafaa lijaribiwe kabla ya kwenda dukani.

Hayo yote nilimweleza yule kijana, na mwishoni sikumwambia anunue nini. Nilimwuliza swali moja: "Katika bendi yenu, sauti za juu ni za nani?" Alihesabu kwa vidole: magitaa mawili, kinanda kimoja, na matoazi ya mpiga ngoma asiyejua kunyamaza. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, kumbe mimi nagombania chumba kilichojaa." Nikamwambia ndivyo. Yeye hakuwa Entwistle mwenye pengo la kujaza; alikuwa karibu zaidi na Carol Kaye, mwenye okestra nzima juu ya kichwa chake na kazi ya kuwa wazi bila ya kuwa na makali.

Nyuzi zake hazikutupwa. Alizipeleka kwa rafiki yake apigaye katika bendi ya watu watatu, naye rafiki akampa nyuzi za utepe alizokuwa amezivua na kuziweka kabatini. Alizifunga kwa uangalifu, maana uzi uliokwisha kukatwa urefu haupendi kufungwa mara ya pili, akashika risha ile ile na kupiga kwa mkono ule ule ulioshutumiwa. Nilikwenda kuwasikiliza mwishoni mwa muhula. Katika nyimbo mbili za kwanza sikuitambua besi yake. Niliona tu kwamba bendi imesimama imara na kila pigo lina mwanzo. Katika wimbo wa tatu alinyamaza kwa beti moja, kama walivyopanga, na ukumbi mzima ukahisi kama kwamba sakafu imeondolewa. Aliporudi, watu walipiga makofi bila ya kujua wanampigia nani. Yeye alijua, na rafiki yake wa bendi ya watatu, aliyeketi karibu nami, alijua pia. Na nyuzi za chuma cha pua, zilizomliza mwenzake, zilikuwa zikimfaa yeye kuliko zote alizowahi kuwa nazo.